Taya la mtoto likiuma, anza na tiba isiyobadilisha meno wala mfupa

Binti yangu alilalamika sikio, lakini daktari alipolichungulia alilikuta safi. Akamwekea vidole mbele ya masikio yote mawili, akamwambia afungue mdomo taratibu. Mtoto akakunja uso papo hapo. Kumbe shida ilikuwa kiungo cha taya, kilicho mbele tu ya tundu la sikio, pamoja na misuli ya kutafunia.

Mzazi mwenzangu, kwanza usitishwe na mlio wa taya. Ndani ya kiungo hicho mna kipande cha gegedu kinachoteleza pamoja na mfupa, na kikihama kidogo hulia "ka". Ukiwa mlio mtupu, hakuna maumivu na mdomo unafunguka vizuri, hauhitaji tiba.

Maumivu ndiyo ya kushughulikia, na kwetu yalitulia kwa mambo madogo. Chakula laini, vipande vidogo, chingamu marufuku, kucha na kofia za kalamu zisiingie mdomoni. Kitambaa cha uvuguvugu shavuni kwa dakika 10 hadi 15. Kazi kubwa ilikuwa kumzoesha kupumzisha taya: midomo imefungwa, meno hayagusani, ulimi umelegea. Watoto hukaza meno wakiwa kwenye hesabu au simu bila kujua. Tulichora nukta nyekundu kwenye jalada la daftari lake, na kila akiiona analegeza taya. Nadhani nukta ile ilisaidia kuliko dawa. Dawa ya maumivu ipimwe kwa uzito wa mtoto na itumike kwa muda mfupi. Aspirini usimpe aliye chini ya miaka 16 bila agizo la daktari. Mwulize mtoto pia kuhusu usingizi, mitihani, na kama kuna anayemwonea shuleni, maana wasiwasi hukaza misuli hiyo hiyo.

Kifaa cha plastiki cha kuvaa kwenye meno usiku kinaweza kufaa, ila taya la mtoto bado linakua na meno yanabadilika. Kikikaa bila kukaguliwa kitabana meno yanayoota. Na ukiambiwa meno yake yapunguzwe kwa kusagwa, afungwe vyuma au apasuliwe kwa sababu ya maumivu ya taya tu, tafuta daktari wa pili kabla ya kukubali. Hayo hayarudishwi nyuma.

Kuna hali zisizosubiri: ameangukia kidevu na meno hayakutani kama zamani, mdomo umegoma kufunguka, au ana homa na uvimbe. Mpeleke siku hiyo hiyo. Mwangalie pia usoni akiwa ametulia. Kidevu kikielekea upande mmoja, au mdomo ukizidi kuwa mgumu kufunguka kadiri miezi inavyopita, huenda ni baridi yabisi ya utotoni (ugonjwa wa kuvimba viungo), ambayo inaweza kula kiungo cha taya bila mtoto kuhisi maumivu. Daktari akitaka apigwe picha ya MRI (inayoonyesha ndani ya kiungo kwa sumaku), usikatae kwa kuwa mtoto halalamiki.