Kuangusha miti kwa chenso: usome kitabu au umfuate fundi?

Mkuu, umeuliza kama vitabu vinatosha kukufundisha kuangusha mipaina ya shamba lako la Mufindi, au umfuate fundi wa chenso mpaka uive. Unahitaji vyote viwili, ila kila kimoja kina kazi yake.

Kitabu kisome kwa ajili ya bawaba, yaani ule ukanda usiokatwa kati ya mdomo wa mbele (pengo la pembe unalolikata upande mti utakakoangukia) na mkato wa nyuma. Ndio unaoushika mti na kuuelekeza unapokwenda chini. Chukua mti wa kipenyo cha sm 40: mdomo uingie sm 10 hivi na ufunguke nyuzi 45 au zaidi, bawaba ibaki sm 4, unene uleule kutoka ukingo hadi ukingo. Mkato wa nyuma upite sm 3 hadi 5 juu ya sakafu ya mdomo. Tofauti hiyo ya kimo, kama ngazi, ndiyo inayozuia shina lisirudi nyuma likakupiga.

Wengi wanaharibu kwenye mdomo wenyewe. Mikato yake miwili lazima ikutane kwenye mstari mmoja. Mmoja ukipitiliza hata sm 2, umeshakata nyuzinyuzi za bawaba bila kuona, na upenyo mwembamba ulioachwa na mkato uliopitiliza utajifunga mapema, bawaba ikatike mti ungali hewani. Bawaba ikiwa nene upande mmoja, mti unavutwa upande huohuo.

Fundi naye mwangalie kabla hajawasha mashine. Anauzunguka mti akitazama juu: matawi mazito yako wapi, upepo unatoka wapi, kuna tawi kavu lililoning'inia? Anasafisha njia ya kukimbilia, nyuma kwa mshazari, si nyuma moja kwa moja. Watu wengine wanakaa umbali wa urefu wa mti mara mbili. Mwombe pia akuonyeshe kabari, inayopigwa ndani ya mkato wa nyuma ili kuusukuma mti mbele. Kwenye mti huohuo wa sm 40 wenye urefu wa mita 20, ukiinua nyuma kwa sm 2.5 tu, kilele kinasogea zaidi ya mita moja na nusu. Tumia kabari ya plastiki au ya mti mgumu. Ya chuma ikiguswa na mnyororo, meno yamekwisha.

Lakini usichukue kila kitu cha fundi. Wapo wanaokata bawaba yote ili mti uwahi kuanguka, na wapo wanaoangusha mti wa pili juu ya ule ulionasa kwenye mti mwingine. Hapo kitabu ndicho sahihi. Mti ulionasa uvutwe kwa winchi au ugeuzwe kwa nyenzo, na mtu asipite chini yake.

Mikaratusi iliyoinama iache kabisa mwanzoni. Ukiikata kutoka nyuma kama kawaida, shina linaweza kupasuka wima kabla mkato haujakamilika na kipande cha nyuma kikaruka juu usawa wa kichwa chako. Anayejua anatoa mdomo, anachomeka ncha ya chenso ubavuni nyuma ya bawaba, anakata kuelekea nyuma na kuacha kamba ya mti, yaani ukanda usiokatwa, sm 5 hivi ukingoni mwa nyuma. Kamba hiyo anaikata mwisho, akiwa amesimama pembeni. Kuchomeka kunaanza na sehemu ya chini ya ncha. Robo ya juu ya ncha ikigusa mti, chenso inarushwa usoni.

Mafunzo ya darasani na porini yapo FITI, chuo cha viwanda vya misitu cha Moshi, na Mafinga kipo kituo cha mafunzo ya misitu karibu na kwako. Kabla ya hapo, fanya mazoezi ya mdomo kwenye visiki virefu vilivyobaki shambani. Ukianza miti iliyosimama, chagua mipaina iliyonyooka ya sm 20 hadi 25, fundi akiwa kando. Kila mti ukilala, zima chenso, chukua rula, upime bawaba kwenye kisiki pande zote mbili na uandike.