Ni karatasi, si mpira
Uliyeuliza kama kile kichwa cheupe cha sanamu kinachovutwa shingo ikarefuka ni mpira au ujanja wa kompyuta: ni karatasi tupu. Ni kazi ya msanii Li Hongbo, mzaliwa wa Jilin, China, mwaka 1974. Hupaka gundi kwa mistari myembamba, akabandika karatasi moja juu ya nyingine, maelfu kwa maelfu, mpaka apate bonge zito. Kisha hulikata kwa msumeno na kulipiga msasa hadi sura itoke, ukadhani ni plasta. Pasipo na gundi ndipo panapofunguka. Likivutwa utaona vitundu kama sega la nyuki. Mbinu hiyo aliitoa kwenye midoli ya karatasi ya jadi ya kwao. Itafute pia Ocean of Flowers: bunduki za karatasi zinazokunjuliwa zikawa maua ya rangi kali. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake bora kabisa.