Gitaa la kwanza la umeme kwa mtoto: mimi niliponunua pembe

Mpwa wangu alipofaulu kwenda kidato cha kwanza nilitaka kumfurahisha. Nikashuka Kariakoo na laki nne na nusu mfukoni, nikarudi na gitaa jeusi lenye pembe mbili kali kama za swala, briji (kile kipande kinachoshika nyuzi mwilini) inayoelea na mkono wa chuma wa kuyumbishia sauti. Ukutani pale dukani hakukuwa na zuri kulishinda. Nimepiga rithimu kwenye bendi na kwaya zaidi ya miaka 15, lakini siku hiyo nilichagua kwa macho kama mtu asiyewahi kushika gitaa.

Wiki ya sita nikapita kwa dada. Kijana akanipokea mfuko.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Haya, nipigie kidogo nisikie."

Akaangalia chini. "Mjomba, lile gitaa halitulii. Nikikaza uzi mmoja, nyingine zote zinalegea. Halafu linaniumiza vidole."

Nikalichukua. Kweli tupu. Briji inayoelea imening'inia kati ya mvuto wa nyuzi kwa mbele na springi kwa nyuma. Ukikaza uzi mmoja, briji inainuka kidogo na nyuzi nyingine zinashuka sauti. Mtu mzima aliyezoea inamchukua muda kulituliza, sembuse mtoto wa miaka 13 anayetyuni kwa programu ya simu huku mama yake anamwita akaoshe vyombo. Nikaweka rula kwenye freti ya 12, vile vijiti vya chuma vilivyolazwa shingoni: nyuzi zilikuwa zimekaa karibu milimita 4 juu ya freti. Zinatakiwa milimita 2 hivi, au pungufu yake kidogo. Zile wiki sita alikuwa anapigana na chuma, na alishaamini kwamba hana kipaji.

Tangu hapo nimewasaidia wazazi kadhaa wa kwaya yetu kuchagua gitaa, na swali la kwanza huwa lilelile: kampuni gani? Mimi naanza na briji. Nataka iliyofungwa moja kwa moja kwenye mbao, kama ya gitaa la Telecaster la kampuni ya Fender, au yenye mkono lakini inayoweza kulazwa. Hii ya pili fundi anafungua mfuniko wa nyuma, anakaza skrubu mbili zinazovuta springi mpaka briji inalala juu ya mbao na haitikisiki tena. Mkono unautoa, unautupa kabatini. Atauomba mwenyewe siku akiuhitaji.

Baada ya briji ndipo tuzungumze pikapu, na simaanishi ile ya kubebea matikiti. Ni zile sumaku zilizozungushiwa waya (koili) chini ya nyuzi, ndizo zinazoamua gitaa litaongea lugha ngapi. Zenye koili moja zina mlio mwembamba, unaong'aa, kila noti inasikika imesimama peke yake. Msikilize Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz, au Franco na TPOK Jazz: kwa solo za namna ile mtoto anahitaji mlio safi, usiokoroma. Ubaya wake ni kwamba koili moja inanasa mvumo wa umeme. Kwenye kanisa lenye taa za tyubu, jenereta na nyaya zisizo na ethi ya kueleweka, utasikia "mmmmm" hata kabla mchungaji hajasema bwana asifiwe.

Hambaka ndiyo dawa ya mvumo huo. Ni koili mbili zilizopangwa kinyume ili mvumo wa moja uuwe wa mwenzake. Seth Lover wa kampuni ya magitaa ya Gibson aliibuni mwaka 1955 kwa sababu hiyo hasa. Mlio wake ni mnene, una nguvu, unafaa roki na zile solo ndefu za kuabudu ambazo vijana wa sasa wanazipenda.

Sasa mtoto wa miaka 13 hujui ataangukia wapi. Mwezi huu ni sebene, mwezi ujao ameona video ya roki anataka gitaa lilie. Ndiyo maana nawaambia watafute gitaa lenye pikapu tatu: koili moja shingoni, koili moja katikati, hambaka karibu na briji. Dukani mwambie muuzaji unataka "HSS" (H ni hambaka, S ni koili moja), atakuelewa. Swichi yake ina nafasi tano, na ile inayounganisha pikapu ya shingo na ya kati ndiyo ninayokaa nayo mimi nikipiga rithimu ya dansi. Inakata vizuri bila kumfunika mpiga solo.

Kama mfuko unaruhusu, Yamaha Pacifica 112V ndiyo ningeinunua leo bila kufikiri mara mbili. Ina mpangilio huo, na nobu yake ya toni ukiivuta juu, hambaka inageuka kuwa koili moja. Pacifica 012 ni ndogo yake kwa bei: mpangilio uleule, bila ujanja wa nobu. Squier, jina la Fender kwa magitaa ya bei nafuu, nao wana magitaa aina ya Stratocaster za HSS. Gitaa lisilo na jina si lazima liwe baya, nimeshika mazuri tu, ila hilo usinunue bila kwenda na mtu anayepiga.

Na mkifika dukani, mpimeni mtoto, msipime gitaa peke yake. Stratocaster na Pacifica zina urefu wa uzi wa milimita 648 kutoka kichwani hadi kwenye briji. Kijana wa miaka 12 au 13 wengi wanaimudu. Mtoto wa miaka 8 utamwona anavyonyoosha mkono kufika freti ya kwanza, bega limepanda mpaka sikioni. Huyo mtafutie fupi, kama Squier Mini yenye milimita 578, hata kama atalikimbia baada ya miaka mitatu. Uzito pia. Mvishe mkanda, asimame nalo dakika kumi huku mnapatana bei.

Kuna wazee watakaokwambia aanze na gitaa kavu, lisilo la umeme, kwanza, akomae vidole. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Gitaa kavu huja mara nyingi na nyuzi nene za namba 12, la umeme unafunga nyembamba za namba 9, na tofauti hiyo mtoto anaisikia kwenye ncha za vidole jioni ileile. Kama anachokitaka ni umeme, mpe umeme.

Sasa pesa. Usimalize zote kwenye gitaa! Kwenye kila laki tano mimi natenga angalau hamsini elfu ya fundi, hata kama gitaa ni jipya ndani ya boksi. Afanye nini? Ashushe nyuzi, anyooshe shingo kwa ile fimbo ya chuma iliyo ndani, na aangalie kile kipande chembamba chenye mifereji sita pale kichwani. Hapo ndipo magitaa mengi ya bei nafuu yanapomwonea mwanafunzi. Jipimie mwenyewe: bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, kisha chungulia nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya kwanza. Inatakiwa kuwa ya unywele tu. Ikiwa inapitisha kadi ya simu, mifereji iko juu mno, na kodi (akodi) ya F itamliza mtoto machozi bure. Fundi akikwangua kidogo kwa tupa, F ileile inashikika. Nimeona mtoto akidhani amebadilishiwa gitaa.

Amplifaya ndogo ya wati 10 inatosha chumbani, na chagua yenye tundu la hedifoni, kwa ajili ya majirani. Msimchomekee kwenye sabufa ya sebuleni. Najua tunafanya hivyo sote, lakini tundu la sabufa limetengenezwa kwa ajili ya simu na deki. Gitaa likiingia pale linatoka dhaifu, limeziba, na mtoto anadhani kosa ni lake.

Lile jeusi la pembe niliishia kumpelekea fundi. Akaziba briji kwa vipande viwili vya mbao ngumu ndani ya tundu la nyuma, akashusha nyuzi, akabadilisha mifereji. Alinitoza elfu arobaini. Mpwa wangu alilipiga miaka minne, akaja kuliuza mwenyewe na hakunipa hata shilingi. Siku hizi anapiga solo kanisani kwao, na simu anayonipigia ni ya Jumamosi usiku: "Mjomba, uzi wa kwanza umekatika, una mwingine?" Kwa hiyo nunueni seti mbili za nyuzi za akiba siku ileile ya gitaa, na kitambaa cha kufutia jasho, maana hewa ya chumvi ya Dar haichelewi kuzila.