Jibu: Suti ya kuazima kwenye usaili

Salama mkuu. Nimekupata: usaili ni Alhamisi hapo Kigoma mjini, suti ya kaka inakupwaya na ukiivaa unajiona mdogo.

Kwanza angalia mabega. Mshono wa bega ukishukia mkononi, mrudishie kaka koti lake. Fundi atapunguza mikono na kiuno, ila kufumua mabega ni kazi kubwa na bei yake inauma. Zunguka mitumba ya Mwanga, hapo hapo mjini, tafuta shati jeupe na suruali nyeusi inayokukaa hata ukiwa umeketi, fundi akunje pindo. Viatu vya zamani vipige kiwi. Vipya vitakubana uingie unachechemea.

Mimi huvaa na saa yangu iliyokwisha betri, mikono haihangaiki mezani. Tai sivai, hapo wengine watakusaidia.