Binti kasoma, sasa mnampeleka wapi?

Nawaandikia wazazi na mabinti wa kwetu mlioko Oman, na nyie wa Unguja na Mombasa mnaoozesha huku. Mie nimekulia Muscat kwenye nyumba ya Kiswahili, nimesoma huku, nafanya kazi huku, na jioni nasaidia kwenye darasa la kina mama wasiojua kusoma, kwa hiyo haya nnayaona kila siku.

Kwanza tujue tulikotoka. Mwaka 1970 Oman nzima ilikuwa na skuli 3 tu za serikali, wanafunzi 909, wote wavulana, mtoto wa kike labda apelekwe chuoni kusoma Kurani basi. Julai mwaka ule Sultan Qaboos akashika nchi, skuli za wasichana zikaanza kufunguliwa, na 1986 chuo kikuu chenye jina lake kikapokea wavulana na wasichana. Wakati huo wazee wetu waliorudi kutoka Zanzibar, ambako skuli ya serikali ya wasichana ilikuwepo tangu 1927, walikuwa wameshaingia maofisini na mahospitalini, Kiarabu cha kuandika wengi hawana lakini Kiingereza wanacho na vyeti wanavyo, na wanawake walikuwemo. Mwaka 2004 Sayyida Rawya Al Busaidi akapewa wizara ya elimu ya juu, mwanamke wa kwanza Oman kuongoza wizara. Mie huwa naona fahari nikiyasema haya.

Lakini kusoma ni jambo moja na kuitumia elimu ni jambo jengine. Mwaka 2002 wataalamu wa Kiarabu wenyewe waliiandikia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ripoti wakataja mapungufu 3 ya nchi zao: uhuru, maarifa na nafasi ya mwanamke. Kwa mie hayo matatu ni jambo moja, mana ukimsomesha mtu alafu ukamnyima kauli, maarifa yake yanamfaa nani? Mpaka leo ukizichukua nchi za Kiarabu kwa jumla, katika kila wanawake 5 waliofika umri wa kazi ni kama mmoja tu aliyeajiriwa au anayetafuta kazi, na miongoni mwa hao wanne wapo wengi waliosoma.

Ushauri wangu wa kwanza, mzungumze kazi mapema, msingoje matokeo. Namjua binti kasomea uhandisi, baba anamsifu kila barza, kamaliza, kafanya intavyuu, kazi ikatoka Duqm, zaidi ya kilomita 500 kutoka nyumbani, hapo ndo nyumba ikawaka moto, atalala wapi, atarudi na nani, watu watasemaje. Maswali ya kweli hayo wala sina ubaya nayo, lakini miaka yote ya chuo hakuna aliyeuliza! Yule binti leo yuko ndani na digrii yake. Baba, binti yako akichagua fani mkae siku hiyohiyo mjue kazi zake ziko wapi, kuna mabweni, kuna ndugu karibu, na wewe binti nenda na majibu mkononi usiende na machozi.

La pili ni ndoa na hapa nataka mnisikilize vizuri. Siku ya milka, yaani kufunga ndoa, mahari yanazungumzwa mpaka riali ya mwisho, lakini habari ya binti kumaliza masomo au kuendelea na kazi inaachwa "tutaelewana wenyewe". Hapana, iandikwe. Dini yetu inaruhusu sharti ambalo halihalalishi haramu wala haliharamishi halali, na sheria ya mambo ya familia ya Oman ya 1997 nayo inayatambua masharti ya wanandoa. Mie langu liliandikwa, mama mkwe aliguna kidogo siku ile, alafu nilipopata nafasi ya kusoma masters hakukuitwa kikao cha wazee wala nini, na yeye mwenyewe ndo aliyenilelea mtoto Mungu amlipe kheri. Mwanamme mwenye nia njema sharti halimtishi.

Watoto wa kiume nao waoshe vyombo, wapike chai, dada yao ana mtihani kama wao. Hilo sina haja ya kulirefusha.

Na mama zetu jamani tusiwaache nyuma. Darasani kwetu kuna bibi mmoja, sura nyingi za Kurani anazo kichwani, lakini boksi la dawa yake ya sukari alikuwa anasomewa na mjukuu. Tulimuuliza anataka kuanza na nini, tukidhani atasema jina lake, akatoa boksi kwenye mkoba akaweka juu ya meza, nisomeshe hiki. Tukaanza na "mara mbili kwa siku". Sasa hivi anagombana na mfamasia akimpa dozi tofauti na ya mwezi uliopita, na nyumbani wakizungumza habari ya kumuoza mjukuu wake anasema mwacheni amalize skuli kwanza, na wanamsikiliza.

Kama mama yako au shangazi yako hajui kusoma ulizia skuli ya serikali iliyo karibu, madarasa ya watu wazima yapo, usafiri ndo unaowashinda wengi, kwa hiyo gari muipange nyinyi watoto kwa zamu kabla hamjamwandikisha.