Wingfield hakuwa wa kwanza

Wengi husema Walter Wingfield, Mwingereza, ndiye aliyebuni tenisi ya nyasi, lakini yeye aliuza tu mchezo huo. Mwaka 1874 alipata hataza Uingereza, akaanza kuuza sanduku lenye raketi, mipira, nguzo na wavu. Lakini miaka ya 1860 Harry Gem, wakili, na rafiki yake Augurio Perera, mfanyabiashara mwenye asili ya Uhispania, walishaucheza mchezo huo mjini Birmingham, kwenye nyasi za nyumbani kwa Perera. Baadaye wakaanzisha klabu Leamington, mji mwingine wa Uingereza. Kilichowezesha yote ni mpira wa raba, maana ile ya zamani ya kujazwa vitambaa haidundi kwenye nyasi. Na uwanja wa Wingfield ulibanwa katikati kama kiuno cha nyigu! Mstatili wa leo ulitumika Wimbledon 1877. Ila tenisi ya ndani ya kuta ni ya zamani zaidi, na hiyo ni ya Wafaransa.