Hapana Yaya, si bure

Yaya, unauliza kama kweli Ufaransa serikali inawagawia maskini magari ya umeme. Haigawi, iliwasaidia kuyakodi. Mwaka 2024 mtu alilipa kama euro 100 kwa mwezi, mkataba usiopungua miaka mitatu, na serikali ilibeba sehemu kubwa, hadi euro 13,000 kwa gari moja. Tena si kila mwenye kipato kidogo: ilibidi uwe unakaa zaidi ya kilomita 15 kutoka kazini na unaenda kwa gari lako, au kazi ikutembeze zaidi ya kilomita 8,000 kwa mwaka. Mara ya kwanza walifungua Januari 2024, Februari wakafunga. Maombi yaliyokubaliwa yalifika karibu 50,000, wao walitarajia nusu yake!

Hapa kwetu Lubumbashi, Kongo, sasa… Jana umeme wa kwetu Katuba ulikatika saa moja jioni, leo nimechaji simu kwa jirani mwenye jenereta, faranga 500. Gari ningelichomeka wapi? Na kobalti, madini ya betri nyingi za namna hiyo, inapita barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, sisi tunayapisha malori na vigari vyetu vya Japani, usukani kulia. Mimi wanianzie na transfoma ya mtaa.